Hidaya Alivyostaafu Jembe

Katika milima ya Usambara, mwanaume akifika miaka sitini hustaafu, na watu wakala mbuzi. Mwanamke hastaafu. Akiteguka kiuno hulala siku mbili, siku ya tatu anarudi shambani na kiuno kile kile. Hidaya aliishi na jambo hilo miaka thelathini na miwili bila kuliuliza swali, mpaka siku alipomsindikiza mumewe Idrisa kwenda kuagwa kazini.

Idrisa alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha chai upande wa Bumbuli. Kazi yake ilikuwa kusimama kivulini na kuandika uzito wa majani yaliyochumwa na watu wengine juani. Siku hiyo mabwana watatu walisimama kwa zamu wakaeleza alivyotumika bila kuchoka. Hidaya, ambaye alfajiri alikuwa ameshuka mlima na tenga la kabichi kichwani, akapanda tena, akaoga, akavaa, akawahi gari, alipiga makofi kama wenzake. Alipomtazama vizuri mume wake aliona wale mabwana hawakusema uongo. Hakuwa na dalili yoyote ya kuchoka.

Zawadi yake ilikuwa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kikubwa, cha mvule, chenye mikono mipana, mto mwekundu, na kibao cha shaba kilichopigiliwa mgongoni.

Mwezi mmoja baadaye Idrisa aliteremka Mombo kuangalia biashara ya mchele. Biashara yenyewe ilikuwa na miaka thelathini na miwili, meno yote, na nyumba ya vyumba viwili karibu na stendi. Aliaga kwa simu. Kiti alikiacha, na si kwa wema, ila kondakta alikataa kukipandisha garini.

Hidaya alikitupa kiti kibarazani na kuku wakakifanya kitanda. Miaka miwili hakukikalia. Alilima viazi, akapanda karoti, akapalilia njegere, na kila alipopita pale barazani alimtukana kuku aliyekuwa juu ya mto mwekundu kwa maneno ambayo kuku yule hakuyastahili.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa pili, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba kwa kukadiria, alikuwa anapanda kutoka bondeni na mzigo wa karoti. Katikati ya mlima akaketi juu ya jiwe apumue. Alipotaka kusimama, akagundua kuwa hataki. Goti halikumuuma, wala kiuno. Hilo ndilo lililomshtua. Kama angekuwa anaumwa angejua la kufanya, angemeza kidonge akaendelea. Lakini hii ya kutotaka hakuwa na kidonge chake.

Aliyemkuta pale ni Modesta, jirani yake, Mlutheri mwenye mwili mnene na miguu myepesi, mjane aliyemzidi Hidaya kwa kusoma na kuzidiwa naye kwa kila kitu kingine.

"Dada, umekaa," Modesta alisema, kama mtu anayesema, dada, unawaka moto.

"Nimekaa."

"Kuna nini?"

"Nimestaafu."

Modesta akatua mzigo wake wa kuni. "Umestaafu nini? Wewe huna kazi!"

Neno hilo Modesta alilijutia mwaka mzima. Hidaya alimtazama kuanzia kanga ya kichwani mpaka ndala, akamwuliza taratibu kuwa kama hana kazi, hizi karoti zimejipandisha zenyewe? Kisha akamwomba amfuate nyumbani akamsomee kile kibao cha shaba, maana yeye shule aliiona kwa nje tu, akipita na mtungi wa maji.

Modesta akamfukuza kuku, akapangusa kibao, akasoma: "Kwa Utumishi Uliotukuka. Pumzika kwa Furaha."

"Jina liko wapi?"

"Hakuna jina."

"Basi ni cha aliyetumika," Hidaya akasema. Akakitoa kiti nje, akakiweka mbele ya nyumba kikielekea bonde, akakipiga maji na sabuni, na kilipokauka akakikalia.

Asiyejua nchi ile hataona ukubwa wa jambo hilo. Juu ya Kwai, anakokaa Hidaya, nyumba zimeng'ang'ania kwenye miteremko inayotazamana, na bonde liko katikati. Kutoka ng'ambo unaona jirani akianika nguo, na ukiwa na macho mazuri unaona ni nguo ya nani. Mtu akikaa mbele ya nyumba yake saa nne asubuhi bila kumenya wala kupepeta chochote, anaonekana na vitongoji vitatu. Na ng'ambo ya pili alikaa Zakia, ambaye macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya mwewe na mdomo wake ulikuwa na nguvu kuliko macho.

"Hidayaaa!" sauti ya Zakia ilivuka bonde siku ile ya kwanza. "Unaumwaaa?"

"Siumwiii!"

"Sasa mbona umekaaa?"

Siku ya pili wakaja watu. Mmoja alileta uji wa ulezi. Mwingine alileta mizizi ya kuchemsha, akashauri inywewe kabla jua halijachomoza. Wajumbe wawili wa kikundi cha kina mama walimwuliza kwa kunong'ona kama ana mtu anayemshuku. Hidaya aliwapokea wote, uji akanywa, mizizi akawapa mbuzi.

Lakini ukweli lazima usemwe: kukaa kulimshinda. Mwili ulikaa, mikono ikakataa. Ilitafuta magugu juu ya mikono ya kiti. Ilikunjua kanga ikaikunja tena. Mara tatu alijikuta amesimama anaelekea kwenye jembe, akajikamata mwenyewe kama anayekamata mbuzi wa watu, akajirudisha kitini. Siku ya tatu tu ndipo jambo likatokea. Ukungu ulikuwa unaondoka bondeni, naye hakuwa na la kufanya ila kuutazama, na ulipokwisha kupanda akaona kwenye mlima wa mbele uzi mwembamba wa maji unaoanguka kutoka kwenye jabali.

"Modesta, yale maji yameanza lini?"

"Maji gani? Yale? Yapo tangu tuko wasichana!"

"Mbona sijawahi kuyaona?"

"Utayaonaje, dada, na wewe ulikuwa unatazama viazi."

Hidaya akahesabu miaka thelathini na minne ya kutazama chini. Halafu akacheka, akacheka mpaka Modesta naye akacheka bila kujua anachocheka. Kuanzia hapo mikono ikatulia.

Kilichobaki kumsumbua kilikuwa kimoja, na kiliitwa Rajabu.

Rajabu alikuwa kaka mkubwa wa Idrisa na msemaji wa ukoo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na shamba dogo, na aliliona shamba la shemeji yake kuwa limekaa vizuri sana karibu na lake. Alikuja Jumatatu, akasimama mbele ya kiti.

"Shikamoo shemeji," Hidaya alisema, maana hasira haiondoi adabu.

"Marahaba. Nasikia umeacha kulima."

"Nimestaafu."

"Mwanamke gani anastaafu? Nani kakuandikia barua?"

"Kiti kimeandikwa, nenda nyuma ukasome."

Rajabu hakwenda nyuma. Alisema kuwa shamba ni la ukoo, Hidaya alipewa kwa sababu ya kuolewa, na shamba la kupewa linashikwa kwa jembe. Mvua za masika ziko njiani, na hakuna hata tuta moja lililoinuliwa. "Ijumaa baada ya swala nakuja na wazee na kamba. Tukikuta halijalimwa, tunalipima, tunampa anayelima."

"Anayelima ni nani?"

"Atatafutwa," alisema Rajabu, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye uzio wa shamba lake.

Usiku ule Hidaya hakupata usingizi. Kulima peke yake shamba lile lote kabla ya Ijumaa asingeweza. Angeweza kuanza; angeweza kuwaonyesha matuta mawili matatu, wazee wangemhurumia. Lakini alijua kuwa akilishika jembe hata siku moja, hatalitua tena mpaka watu wengine washike majembe yao kumchimbia. Na asipolishika, anapoteza ardhi aliyoilima tangu ana miaka ishirini na tatu, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Wanawe wawili walioko Dar walimtumia cha unga na sukari, ila hakutaka kwenda kuishi kwenye sebule ya mtu, akitazama televisheni na ukuta.

Jumanne akafikiri. Jumatano akafikiri. Alhamisi alikuwa amechoka kwa kufikiri kuliko alivyowahi kuchoka kwa kulima.

Alhamisi hiyo upepo wa baridi ulivuma kutoka msituni. Hidaya alitoa shuka jeupe, lile la wageni, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu juu ya kigoda, akajifunika kuanzia vidole mpaka juu ya kichwa kuzuia upepo. Modesta, ambaye kukaa bure alikuona kuwa dhambi ndogo, alikuja na beseni la vitunguu vya kukata kwa ajili ya harusi ya kanisani kwao. Akaketi pembeni, akakata. Vitunguu vya Lushoto si vya mchezo. Kufika cha kumi, machozi yalikuwa yanamtiririka, akawa anayafuta kwa ncha ya kanga na kuvuta kamasi. Hidaya akalala. Modesta akamsikiliza anavyokoroma, akaona hapana ubaya, akaenda kwake kuchukua beseni la pili.

Sasa kaa ng'ambo ya bonde utazame. Unaona kiti. Unaona mtu mrefu chini ya shuka jeupe, miguu imenyooshwa pamoja. Unaona rafiki yake wa siku nyingi anajifuta machozi, anainama, anajifuta tena, halafu anaondoka mbio mbio ameshika kichwa. Alikuwa ameshika beseni lililo kichwani, lakini kwa mbali nani atajua?

"Uuuwiii!" Zakia alipiga yowe. "Hidaya katutoka! Jamani, Hidaya!"

Yowe la Usambara halihitaji mtandao. Likadakwa na kitongoji cha chini, likapanda kwenye bustani za kabichi, likageuka kwenye kona ya barabara. Kwa Waislamu maiti hailali, kwa hiyo kila mtu alijua la kufanya. Wanaume walishika majembe wakiwa bado na udongo wa asubuhi. Wanawake walishika maharage, unga, kuni, sufuria. Katika muda wa kupika chai, mteremko mzima ulikuwa unapanda kwa Hidaya.

Rajabu alifika miongoni mwa wa kwanza, akiwa na ile kamba yake mkononi. Watu walidhani ni ya kupimia kaburi, wakamsifu kwa utayari.

Modesta alirudi na beseni lake la pili akakuta watu arobaini. Akaangusha vitunguu. "Nimemwacha sasa hivi anakoroma!" alilia. "Kumbe ndiyo roho ilikuwa inatoka! Mimi nikadhani usingizi! Ee Yesu, nikaenda kuchukua vitunguu!"

Hakuna aliyefunua shuka. Kufia kitini ni jambo geni, na wote walisema angojewe Bi Asha, kikongwe anayeosha maiti wa kike, ambaye alikuwa anapandishwa mlima taratibu, mjukuu huku na mjukuu huku.

Chini ya shuka, Hidaya aliamka. Alisikia kilio, akajiuliza nani amekufa, akamsikitikia. Alipotaka kujifunua akasikia jina lake. Akasikia Zakia akieleza kuwa marehemu hakuwa na mfano wake kwa ukarimu, Zakia yule yule aliyewahi kumwita bahili kwa sababu ya mbegu za pilipili hoho. Akasikia mtu anasema ameacha pengo. Hidaya alikuwa ameishi miaka hamsini na saba bila kusifiwa na yeyote, akaona si adabu kuwakatiza.

Halafu akamsikia Rajabu akiongea na Idrisa kwa simu, sauti imefunguliwa ili watu washiriki majonzi.

"Mdogo wangu, jikaze. Mkeo hatunaye."

Simu ikalia kwa uchungu mkubwa. Ikalia tena. Kisha ikauliza: "Na kiti changu? Kiko salama?"

"Kiko salama. Amekifia."

"Basi msikitoe nje, kitanyeshewa. Nakuja."

Chini ya shuka, mtu mmoja aliuma meno.

Ni desturi kabla ya kuzika, msemaji wa ukoo husimama akauliza kama kuna mwenye neno au dai na marehemu, aseme sasa au amsamehe. Rajabu hakungoja jeneza, hata Bi Asha hakumngoja. Watu walikuwa wengi, shehe alikuwapo, na yeye alipenda kuongea. Akapanda juu ya kigogo, kamba begani.

"Ndugu zangu! Shemeji yangu alikuwa nguzo. Shamba lile mnaloliona, kuanzia jabali mpaka mgomba wa mwisho kule bondeni, ni jasho lake. Sisi ukoo hatuna dai naye. Nasema mbele yenu na mbele ya shehe: shamba lile lilikuwa lake, haki yake, hakuna wa kumnyang'anya. Lau angekuwa hai leo, mimi mwenyewe ningemwambia, shemeji, umetosha, kaa upumzike, ule jasho lako!"

Watu wakaitikia kwa huzuni. Kumsifu maiti ni rahisi, maana hawezi kuja kesho kukukumbusha.

Bi Asha alikuwa amefika. Akainama, akashika ncha ya shuka kwa bismillahi, akafunua.

"Shikamoo bibi," Hidaya akasema. "Shemeji, rudia hapo kwenye shamba, Bi Asha alikuwa bado njiani hakusikia."

Kilichofuata hakisimuliki vizuri kwa sababu hakuna aliyebaki kukitazama. Wajukuu wa Bi Asha walimwachia bibi yao wakakimbia pande mbili. Zakia aliruka ngazi tatu za shamba akatua kwenye kabichi. Rajabu alianguka kutoka kwenye kigogo, kamba ikamzonga miguu. Bi Asha peke yake hakutikisika. Alikuwa ameosha watu miaka arobaini na alikuwa na hakika kuwa siku moja mmoja wao angemsalimia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umeamkaje?"

"Salama, bibi. Nilikuwa napumzika."

Watu walipoanza kurudi mmoja mmoja, wakitanguliza wenzao, Modesta alimkumbatia Hidaya, kisha akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia tena. Shehe alisema alhamdulillahi. Rajabu alisema kuwa yale maneno yalikuwa ya msibani.

"Ya msibani ndiyo," Hidaya alijibu. "Na shehe alikuwapo. Shehe, neno la msibani linarudishwa?"

Shehe alikuna ndevu. Alimjua Rajabu na uzio wake. "Halirudishwi," alisema. "Alitoa mbele ya watu arobaini."

"Lakini hajafa!"

"Wewe hukusema akifa, Rajabu. Ulisema lau angekuwa hai. Basi yu hai."

Watu wakacheka, na mlima ukishacheka huwezi kuurudisha nyuma. Rajabu akageukia njia ya pili. Akasema sawa, shamba ni lake, lakini lilimwe! Shamba pori ni aibu ya ukoo. Kesho Ijumaa wazee wanakuja, wataona nini?

Hidaya akatazama umati. Wanaume ishirini na tano, majembe ishirini na tano. Wanawake, maharage, unga na kuni. Akakaa vizuri kitini.

"Jamani, nawashukuru kwa kunililia. Sasa kuna jambo moja. Jembe lililotoka nyumbani kwa ajili ya maiti, likirudi bila kugusa udongo, linarudi kutafuta maiti mwingine kwa mwenye jembe."

Kila mwanaume aliliangalia jembe lake kwa jicho jipya. Bi Asha akatikisa kichwa kwa uzito, akasema ni kweli, hata yeye alilisikia kwa bibi yake, ingawa Hidaya alikuwa amelitunga pale pale.

"Basi iwe ngemo!" mtu mmoja akapaza sauti, na ngemo kila mtu wa kule anaijua: wengi wanalima kwa mmoja, mwenye shamba anawapikia. Chakula kilikuwa kimekwisha kuja chenyewe. Modesta akaokota vitunguu vyake, harusi ya kanisani ikasahauliwa, sufuria zikabandikwa. Wanaume wakajipanga safu kuanzia jabali, mmoja akaanzisha wimbo, majembe yakashuka pamoja. Hata Rajabu akapewa jembe. Angekataaje, na watu arobaini wamemsikia akisema shemeji apumzike?

Alasiri Idrisa alishuka kwenye bodaboda barabarani akiwa na koti la kuagiwa kazini na miwani myeusi. Mombo ilikuwa imemfanyia kazi yake: alikuwa amekonda, amechomwa na joto, na shingoni alikuwa na alama za mbu. Alipoona kutoka juu watu ishirini na tano wanachimba mteremko mzima, alidhani wanamchimbia mkewe kaburi la kifalme, akaanza kulia kwa sauti huku anashuka. Alilia mpaka mbele ya nyumba. Hapo akamkuta marehemu ana sahani ya maharage mapajani.

"Umefika, mghosi," alisema Hidaya, kama Wasambaa wanavyomwita mume kwa heshima. "Pole na safari."

Idrisa alivua miwani. "Hukufa?"

"Sikupata nafasi. Nimestaafu tu."

Idrisa alitafuta pa kukaa, hapakuwapo. "Hicho si kiti changu?"

"Modesta, msomee."

Modesta aliacha mwiko, akaenda nyuma ya kiti, akasoma kwa sauti ya kanisani, mpaka walioko shambani wakasikia: "Kwa Utumishi Uliotukuka. Pumzika kwa Furaha."

"Haya, mghosi," Hidaya akasema. "Tazama pale shambani, utazame na mikono yangu, halafu uwaambie watu aliyetumika ni nani."

Wanaume walikuwa wameegemea majembe. Hakuna mahali kwenye mlima ule ambapo mtu angeweza kujificha. Idrisa alitazama matuta, akatazama mikono ya mkewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na la kuandika.

"Ni wewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Hatusikiiii!" Zakia alipiga kelele kutoka kwenye sufuria.

"Ni yeye!"

Hidaya akampakulia maharage, maana hata adui akija msibani analishwa. Alipokwisha kula, Idrisa alianza kueleza habari za Mombo: joto, mbu, feni iliyoharibika, na yule mwanamke, ambaye alikuwa amemwambia kuwa mtu aliyestaafu lazima afagie. Akasema hewa ya huku juu ni nzuri. Akasema mtu akifika umri fulani anarudi kwake. Akauliza kama kuna chakula cha jioni.

"Gari la mwisho la kushuka linapita saa kumi na moja na nusu," Hidaya alisema. "Ukitembea utalikosa."

"Hidaya, mimi ni mume wako."

"Na mimi ni mstaafu. Kazi ile haina mtu sasa. Wakitaka mwingine watatangaza."

Idrisa alingoja acheke, ili naye acheke wayamalize. Hakucheka. Mzee wa watu akavaa miwani yake, akapanda njia kuelekea barabarani, mwanzo kwa heshima, halafu, honi iliposikika kwenye kona ya juu, kwa mbio, koti likipepea nyuma kama mkia wa jogoo. Hapo ndipo Hidaya na Modesta walipoangaliana, na kicheko kikawapata. Modesta alicheka mpaka akashika mbavu, akainama, akapiga magoti chini, akafunika uso kwa kanga.

Ijumaa wazee walikuja baada ya swala. Walikuta matuta yamenyooka kuanzia jabali mpaka mgomba wa mwisho. Rajabu alikuwa na malengelenge viganjani, na kamba aliiacha nyumbani. Wazee walikunywa chai, wakasifu kazi, wakaondoka. Jumapili mvua ikanyesha.

Hidaya hajalishika jembe tena. Kila msimu kuna ngemo kwake. Watu wanakuja kwa ajili ya chakula na kwa ajili ya kusikia tena habari ile, naye huwasimulia akiongeza kidogo. Siku za soko hushuka Lushoto na Modesta, mikono mitupu, wakanunua peasi na kubishania bei kama mabibi wa mjini. Ameshakwenda kwa miguu mpaka chini ya yale maporomoko, akayashika.

Ila yamebaki masharti kidogo. Kijiji kilisema hakiwezi kupanda mlima mara ya pili bure. Kwa hiyo kila adhuhuri, Hidaya akiwa kitini, Zakia husimama ng'ambo, akaweka mikono mdomoni.

"Hidayaaa! Upooo?"

Hidaya hungoja kidogo, kwa makusudi, mpaka asikie Zakia anaanza kuvuta pumzi ya yowe. Ndipo huinua mkono.